Utepe wa kufyonza lehemu umenata kwenye bodi ya kinanda cha kwaya. Nifanyeje?

SWALI

Mzee Fundi, pokea salamu nyingi kutoka Busia, upande wa Uganda.

Mimi ni kijana wa miaka 26. Mchana ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, lakini moyo wangu uko kwenye elektroniki. Jioni, tukishamaliza kula, naifuta meza na kufungua redio mbovu, chaja za sola na bodi za televisheni ninazonunua kwa wauza vyuma chakavu. Sijasomea ufundi chuoni. Nimejifunza kwa kutazama wengine na kujaribu mwenyewe, na majirani wameshaanza kuniletea vitu vyao.

Mwezi uliopita mwalimu wa kwaya yetu alinipa kinanda cha kanisa. Ukigusa waya wa adapta, kinazimika katikati ya wimbo. Nilipokifungua nikakuta tundu la adapta limevunjika kwa ndani. Lina miguu mitatu, na ilibidi litolewe liwekwe jipya. Tundu jipya nimelipata, linafanana kabisa na la zamani.

Shida ikawa kuondoa lehemu ya kiwandani. Pampu yangu ya kufyonza mpira wake umekufa, haivuti tena. Rafiki akanishauri ninunue ule utepe wa shaba uliosukwa. Dukani nikakuta wa upana mbalimbali, nikachukua mpana kuliko yote, milimita 3.5, nikiamini kwamba mpana ndio utakaofyonza zaidi. Chuma changu cha kulehemu ni cha wati 60, cha kuchomeka ukutani tu, hakina kidhibiti cha joto. Ncha yake ni nyembamba, imechongoka.

Mzee, utepe haukufyonza kitu. Nilibonyeza, nikasubiri, nikabonyeza tena. Ukapata moto hadi ukaniunguza vidole, lakini lehemu ilibaki pale pale. Mwishowe ukanata kwenye bodi, nami nikauvuta. Ukatoka na kiduara cha shaba pamoja na kipande cha njia yake. Kiduara cha mguu wa pili nacho kimeinuka, kinachezacheza. Mguu wa tatu, ulioungana na lile eneo kubwa la shaba, haujatikisika hata kidogo.

Tangu siku hiyo kinanda kiko chini ya kitanda changu. Mwalimu wa kwaya akiniuliza, namwambia nasubiri kipuri kutoka Kampala. Kaka yangu anasema niachane na mchezo huu unaokula mshahara.

Naomba unisaidie. Utepe wa aina gani unanifaa, na unatumiwaje? Rafiki mmoja anasema nisipoteze fedha, nichune waya wa antena ya televisheni nitumie ule wavu wake. Mwingine anasema nipake asidi ya mafundi wa mabati, eti lehemu itatoka yenyewe. Na bodi ya kinanda, inatengenezeka au nianze kuchangisha fedha za kulipa?

Fundi wa Jioni, Busia

JIBU

Mwanangu wa Busia, salamu zimefika.

Nianze na mwalimu wa kwaya, kwa sababu hilo haliwezi kungoja utepe mpya. Nenda ukamwambie ukweli wiki hii. Mwambie tundu lilikuwa limevunjika, wakati wa kulitoa viduara viwili vya bodi vikang'oka, na kurekebisha kunawezekana ila kutachukua siku kadhaa. Habari ya kipuri cha Kampala iache. Kanisa lina ibada kila Jumapili, na anayepanga nyimbo anahitaji kujua kama ana kinanda au hana. Pengine wataazima kingine, pengine wataimba kwa ngoma. Akitaka kukichukua akipeleke kwa mtu mwingine, mpe, na umweleze fundi huyo umefikia wapi. Naamini atakuachia. Wewe ndiyo kwanza unajijengea jina, katika mji ambao habari huvuka mpaka kabla ya lori, na jina la fundi husimama kwa anachosema kazi ikiharibika.

Na kinanda kinatengenezeka. Usianze kuchangisha fedha. Nitafika huko, lakini kwanza tuelewane kuhusu utepe, maana ukirudi kwenye bodi hiyo na mkono ule ule utang'oa na kiduara cha tatu.

Utepe huu ni nyuzi nyembamba sana za shaba zilizosukwa bapa, na kati ya uzi na uzi kuna nafasi ndogo ndogo. Lehemu iliyoyeyuka hupanda katika nafasi hizo yenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa tadooba. Haitaki kusukumwa wala kuvutwa. Inataka mambo mawili tu: shaba iwe safi, na utepe wenyewe uwe umepata joto la kutosha kuyeyusha lehemu. Lehemu ikikutana na utepe ambao haujafikia joto hilo, huganda papo hapo kwenye nyuzi za kwanza. Huko ndiko kunata ulikokuona. Mkono wako haukuwa na nguvu haba; joto ndilo halikufika.

Kwa nini halikufika? Kati ya metali safi, ni fedha tu inayopitisha joto kuliko shaba. Utepe wa milimita 3.5, uliofunguliwa kutoka kwenye roli na kushikwa kwa vidole, ni barabara pana ya kuondoa joto kwenye kazi na kulipeleka mkononi. Ncha iliyochongoka nayo inagusa utepe kwa sehemu ndogo mno. Joto linaloingia ni kidogo, linalotoka ni jingi. Vidole vyako vilipokea joto ambalo lehemu ilikuwa inalisubiri.

Kwa hiyo kanuni ya kuchagua ni hii: upana wa utepe ulingane na kiduara unachokisafisha, au ukizidi kidogo, na upana wa ncha ulingane na utepe. Vyote vitatu vitembee pamoja. Sitasema kwamba 3.5 ni kubwa mno kwa viduara vya tundu la adapta, maana viduara vile huwa vikubwa. Ni kubwa mno kwa ncha yako. Mwenye ncha pana ya patasi na chuma chenye joto la kutosha angeutumia huo huo akafaulu. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua si utepe, ni ncha. Tafuta ncha bapa ya mtindo wa patasi, yenye upana wa milimita 2.4 hadi 3, inayoingia kwenye chuma chako. Nenda na ncha ya zamani dukani upime unene wa shina, kwa sababu hazifanani.

Kisha utepe. Kama una fedha za roli moja tu, nunua wa milimita 2.5. Kwa redio, chaja za sola na bodi za televisheni unazozipenda, ambazo sehemu zake nyingi zina miguu inayopita kwenye matundu, huo ndio utakaoutumia kila siku. Baadaye ukianza kugusa aisii, zile chipu nyeusi zenye miguu ya karibu karibu, ongeza wa milimita 1.5. Ule wa 3.5 usiutupe, utakufaa kwenye lehemu nene za bodi za pawa, zile zinazogawa umeme, ukishapata ncha pana.

Kwenye kasha soma milimita. Goot Wick za Japani, kwa mfano, zina nambari kama CP-2015 au CP-2515: tarakimu mbili za kwanza ni upana, yaani milimita 2.0 au 2.5, na mbili za mwisho ni urefu wa roli, mita 1.5. Watengenezaji wengine hupanga upana kwa rangi, lakini rangi za huyu si lazima zilingane na za yule, basi usinunue kwa rangi.

Halafu kuna flaksi. Kuna utepe uliokwisha kupakwa flaksi na kuna mtupu. Wewe nunua uliopakwa, na ukiona neno rozini, yaani utomvu wa msonobari, kwenye kasha, huo ni mzuri kwa mtu anayejifunza. Flaksi ndiyo inayosafisha kutu nyepesi ya shaba pale joto linapoingia. Bila hiyo, hata utepe wa ghali hautafyonza. Hata kwa utepe uliopakwa, mimi huongeza tone la flaksi ya rozini juu ya kiungo kabla ya kuanza. Hili tu, kwa maoni yangu, linabadilisha matokeo kuliko kubadilisha chapa ya utepe.

Nyote mnaonunua madukani, muombe mwenye duka awafungulie kasha mtazame. Shaba nzuri inang'aa kwa wekundu laini. Ikiwa ya kahawia au imefifia, imeshashika kutu na itasumbua. Nendeni na kipande cha sumaku: shaba haivutwi, basi utepe ukirukia sumaku, ndani yake kuna chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Kwaruzeni uzi mmoja kwa wembe, na wekundu uendelee hadi ndani. Busia bidhaa zinaingia kutoka pande mbili za mpaka, nzuri na mbaya zikiwa kwenye rafu moja, na anayepita Nairobi hukuta nyingine Luthuli Avenue. Macho na sumaku vitawasaidia kuliko maandishi ya kasha.

Kuna jambo jingine, mwanangu, ambalo huenda hukulifikiria kwa kuwa unafanya kazi jioni. Umeme wetu umepangwa kuwa volti 240. Jioni, watu wamewasha taa, pasi na majiko, na mitaa mingi volti hushuka. Chuma kisicho na kidhibiti hakina namna ya kujifidia, na nguvu yake haipungui sawasawa na volti, hupungua kwa kipeo chake cha pili. Tuseme imeshuka hadi 200. Chuma chako cha wati 60 sasa kinatoa takriban wati 42. Na kinyume chake, usiku wa manane au mchana umeme ukiwa umejaa, chuma kile kile kikikaa bila kazi hupata moto kupita kiasi, kinaunguza flaksi na kudhoofisha gundi inayoshika viduara. Pima volti za ukuta kwa mita yako ya umeme kabla ya kuanza, ukijua kwamba huo ni umeme wa kuua: mita iwe upande wa AC, na nyaya zake zisiwe zimechubuka. Zikiwa chini sana, ahirisha hadi Jumamosi mchana. Siku utakapopata fedha, nunua chuma chenye kidhibiti cha joto kabla ya kitu kingine chochote. Weka nyuzi joto 350 za Selsiasi hivi kwa kazi za kawaida, na panda hadi 380 pale tu eneo kubwa la shaba linapokushinda.

Lehemu ya kiwandani nayo ina ukaidi wake. Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia metali ya risasi katika vifaa vya elektroniki, na viwanda vingi duniani vikahamia lehemu isiyo na risasi. Lehemu ya kawaida ya 63 kwa 37, bati na risasi, huyeyuka kwa nyuzi joto 183. Isiyo na risasi huyeyuka kwa nyuzi 217 hadi 227, kutegemea mchanganyiko. Kama kinanda ni cha baada ya hapo, huenda ulikuwa ukisubiri lehemu iyeyuke kwa joto ambalo lingetosha kwa lehemu yako tu. Dawa yake inashangaza wanaoanza: kabla ya kuondoa lehemu, ongeza. Yeyusha lehemu yako yenye risasi juu ya kiungo cha zamani, zichanganyike, na mchanganyiko huo utayeyuka mapema zaidi na kutiririka vizuri.

Sasa mkono. Kata kipande cha utepe cha sentimita nne au tano, usifanye kazi ukiwa umeshika roli. Kipande kifupi hakina pa kupeleka joto. Kishike kwa kibano, si kwa vidole. Sukuma ncha ya utepe nyuma kidogo ili msuko ufunguke na kuvimba. Lowesha ncha ya chuma kwa lehemu kidogo sana, tone tu, maana ncha kavu haipitishi joto vizuri. Laza utepe juu ya kiungo, kisha laza ubapa wa ncha juu ya utepe. Kulaza, si kuchoma kwa kona. Usikandamize. Tulia uangalie: mwanzo hakuna kinachotokea, kisha utaona flaksi ikitoa moshi mwepesi, kisha nyuzi zitabadilika kutoka wekundu kuwa fedha kuanzia chini kwenda juu. Hapo ndipo lehemu inapopanda. Kwenye kiungo kidogo ni sekunde mbili tatu.

Na hapa ndipo viduara hufia. Nyuzi zikishakuwa za fedha, inua chuma na utepe kwa pamoja, kwa mara moja, vikiwa bado vya moto. Ukiinua chuma kwanza utepe utagandia bodi. Ukishagandia, weka mikono chini. Rudisha ncha juu yake, subiri iyeyuke tena, ndipo uinue vyote viwili. Usiuvute ukiwa umeganda hata ukiwa na haraka ya aina gani, na usiusugue huku na huku, kwa sababu kiduara kimeshikwa na gundi iliyokwisha kulegezwa na joto. Bodi zile za kahawia za upande mmoja, zilizojaa kwenye redio za bei nafuu, ndizo dhaifu zaidi kwa hili. Kama sekunde tano zimepita na hakuna kilichopanda, ondoka, acha bodi ipoe, ongeza flaksi, kisha jaribu tena.

Sehemu iliyogeuka fedha ikate kwa koleo la kukatia. Haitafyonza tena, na ukiiacha inameza joto bure. Najua inauma kutupa shaba uliyoinunua, lakini kubana hapo ndiko kunakoleta hasara.

Nisikudanganye kwamba utepe ni wa kila kitu. Kwenye tundu lenye mguu mnene, pampu hutoa lehemu nyingi kwa mara moja, kisha utepe husafisha kilichobaki kuzunguka kiduara. Mpira wa pampu yako pengine unabadilishika, fungua uangalie. Na pale ambapo sehemu yenyewe imekufa, kama tundu lako, kuna njia bora kuliko zote mbili: ikate. Tundu limevunjika, halina thamani, kwa nini ulitoe zima? Vunja plastiki yake taratibu kwa koleo la kukatia, tenganisha miguu, kisha yeyusha lehemu na kuuchomoa kila mguu peke yake kwa kibano. Mguu mmoja hauna ubishi. Miguu mitatu inayotaka kutoka kwa pamoja ndiyo inayong'oa viduara.

Ule uliobaki, ulioungana na eneo kubwa la shaba, ni wa graundi, yaani upande wa hasi. Eneo lile linanyonya joto upesi kuliko chuma chako kinavyoweza kulitoa. Ongeza lehemu yenye risasi kwa wingi na flaksi, tumia ncha ya patasi, na fanya hivyo mchana volti zikiwa nzuri. Ukimpata jirani mwenye mashine ya hewa moto, mwombe apashe eneo lile kwa umbali huku wewe ukifanya kazi, ila plastiki za jirani zikingwe kwanza.

Kuhusu waya wa antena. Rafiki yako hakukosea kabisa, wapo waliofanya hivyo wakafaulu. Lakini nyaya nyingi za antena za siku hizi zina wavu wa aluminiamu, na aluminiamu haishiki lehemu ya kawaida kamwe. Jaribu kwanza: gusisha lehemu iliyoyeyuka kwenye wavu wenye flaksi. Ikiteleza kama haijaujua, tupa. Ukikuta wavu wa shaba tupu, au ukichukua waya wa spika wenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba ukazisuka bapa, safisha, kisha chovya kwenye rozini iliyoyeyushwa kwa spiriti na uache ukauke mbali na moto. Utafyonza, ingawa si kama wa dukani. Kwa kujifunzia kwenye bodi za chakavu, sawa. Kwa kinanda cha watu, nunua wa dukani.

Asidi, hapana. Naomba unisikie vizuri hapa. Ile ya mafundi wa mabati ni kloridi ya zinki, nzuri kwa bati na ndoo, zinazooshwa kwa maji baadaye. Kwenye bodi inaingia chini ya sehemu na ndani ya msuko wa waya, na inaendelea kula shaba wiki na miezi baada ya wewe kufunga skrubu. Kinanda kitapona Jumapili hii na kufa tena baadaye, na hakuna atakayejua kwa nini. Kama uliwahi kuitumia kwenye bodi yoyote, osha kwa maji safi kisha kwa spiriti, na uikaushe kabisa.

Haya, kinanda. Kiduara kikitoka, umeme hauna habari na kiduara. Unataka njia tu. Chukua taa kali ufuate ile njia ya shaba iliyokatika hadi mahali ilipo nzima. Kwa wembe, kwaruza rangi ya kijani kwa urefu wa milimita tatu au nne hadi shaba ing'ae. Paka flaksi, weka lehemu nyembamba. Funga tundu jipya mahali pake, lehemu mguu wa graundi uwe imara, kwa sababu huo sasa ndio utakaobeba nguvu za mtu anayechomeka adapta. Kisha unganisha kila mguu uliopoteza kiduara na njia yake kwa waya mwembamba wenye ganda. Angalia pia upande wa pili wa bodi: kama bodi ina njia pande zote mbili, shimo la mguu lililong'olewa kiduara linaweza kuwa limepoteza kiungo cha juu na chini, na waya wako lazima uzifikie zote mbili. Tia gundi ngumu kwenye tundu na juu ya waya ili visicheze. Kile kiduara kinachochezacheza usikiamini. Kipe waya pia.

Ile miguu mitatu si ya bure. Mmoja ni wa kati ya plagi, mmoja ni wa ganda la nje, na wa tatu ni swichi inayokata betri plagi inapoingia. Ukikosea huo, adapta itasukuma umeme kwenye betri za kawaida zisizochajiwa, zipate moto na kuvuja ndani ya kinanda. Kabla ya kuwasha, toa betri zote, weka mita kwenye sauti ya mguso, ile inayolia ncha zake zikiunganishwa, chomeka plagi ya adapta ambayo haijawekwa ukutani na uone mguu wa swichi unaachia. Hakikisha chanya na hasi hazigusani. Kisha soma kale kamchoro kaliochapwa karibu na tundu kwa nje: kuna vinanda vyenye chanya katikati na vingine vyenye hasi katikati, na mtu aliyeleta adapta ya kuazima ameua vinanda vingi kwa kutokatazama.

Kabla ya kugusa hicho, tumia jioni kadhaa kwenye bodi zako za chakavu. Toa kapasita kumi, zile sehemu zinazotunza umeme, uangalie viduara vingapi vimebaki vimelala. Bodi za pawa za televisheni zina kapasita kubwa ya volti 400 au zaidi inayoweza kubaki na umeme baada ya kuchomolewa. Pima kila mara kabla ya kuweka kidole.

Kaka yako mwambie kiasi unachotumia kwa mwezi, kwa tarakimu, na ukiweke wazi. Mshahara unaogawanywa mbele ya watu hauleti ugomvi kama ule unaopungua kimya.

Na meza. Umeniambia ndiyo mnayolia chakula. Lehemu yako ina risasi, na vipande vya utepe uliokwisha kutumika vimejaa risasi hiyo hiyo. Moshi unaouona ni wa flaksi, nao unawasha macho na kifua, kwa hiyo fungua dirisha na usiinamie kazi. Risasi yenyewe huingia mwilini zaidi kwa mikono na mdomo. Tafuta ubao wako, hata mlango wa kabati la zamani, uufanyie kazi hizi peke yake na uuondoe mezani ukimaliza. Weka kopo lenye kifuniko la kutupia vipande vya utepe na matone ya lehemu, mahali ambapo mtoto hafiki. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Utepe uliobaki urudishe kwenye mfuko wake, toa hewa na ufunge, kwani unyevunyevu na jasho la vidole huupaka kutu mapema.

Mzee Fundi